Wifi, Sema Tano

Garissa,
12 Februari 2024

Wifi yangu Safiyo,

Amani ya Mungu ikukute wewe, shemeji Abdiqani, mwanao Abdihafid, na kila mwenye kwato hapo Buna. Sisi wazima. Kifua cha kaka yako Yakub kimetulia tangu aache kulala chini ya feni. Ugbad ameingia gredi ya saba na amenipita kimo. Juzi alivaa viatu vyangu kwenda shule wala hakuomba ruhusa. Joto la hapa unalijua, sina la kuongeza.

Utashangaa kuona bahasha. Sijapoteza simu. Simu yangu Ugbad anaijua kuliko mimi, ujumbe wa sauti ukiingia yeye ndiye wa kwanza kuusikiliza, kisha ananisimulia. Na yako najua inashinda mkononi mwa Abdihafid. Kwa hiyo nimempa Shuaib wa lori la unga akupe wewe mwenyewe, asiiache dukani. Ameniapia: "Mama, mimi nabeleka mbaka mkononi." Naandika Kiswahili kama tulivyofundishwa shuleni. Kisomali changu cha kuandika, Yakub akikiona hucheka mpaka kifua kinaanza upya.

Wifi, Kaaha amejitokeza.

Jumanne iliyopita niliitwa na afisa wa watoto, dada mmoja wa Kitui, mpole, anayeongea kama anambembeleza mgonjwa. Akaniambia kuna mwanamke anayekaa kambini Dadaab, ameandikisha ombi la kumwona binti aliyemzaa Buna mwaka 2011. Anayo nakala ya karatasi yetu ya kafala, ile ya kumlea Ugbad, na kidole gumba chake kiko pale chini karibu na sahihi ya Yakub. "Tumefungua faili," akasema, akitabasamu. Mimi ni mtu wa masjala, mwaka wa kumi na saba huu. Najua faili ikishafunguliwa haifi, hulala tu ikisubiri mtu wa kuifuta vumbi.

Miaka yote hii nilijiambia yule mwanamke amekufa. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijiambia mwenyewe. Ugbad anajua sikumzaa, na jina la baba yake tumemwachia kama dini inavyotaka. Lakini kujua ni kitu kimoja, na mtu kutokea mlangoni akiwa na pua yako ni kitu kingine. Naogopa atamchukua, Safiyo. Sina namna nyingine ya kusema.

Kuna jambo la pili, na hili liko mikononi mwako. Kwa kuwa msichana anakua, kadhi anataka kuiangalia kafala upya. Anataka kujua Ugbad na Yakub ni nani kwa nani. Kama ulimnyonyesha mara tano akashiba, kabla hajatimiza miaka miwili, basi wewe ni mama yake wa kunyonya, na kaka yako ni mjomba wake. Ugbad atakaa naye kichwa wazi mpaka uzeeni. Kama sivyo, Yakub ni mwanamume wa nje tu kwake, wa kujifunikia shali. Sisi siku zote tumesema Safiyo alimnyonyesha siku arobaini, na Yakub hulisema hilo hata msikitini. Sasa kadhi anataka hesabu. Niandikie mstari mmoja tu: mara ngapi? Hata kama ni mia, andika mia.

Wako,
Mulki

*

Buna,
3 Machi 2024

Mulki, wifi mwenye bahasha,

Nimepokea salamu, na za kwangu zifike kwako mara mbili. Shuaib alinifuata mpaka kisimani kunikabidhi barua kama mtu analeta hukumu, wanawake wote wakaacha ndoo zao kunitazama. Safari nyingine mwambie asikunje uso.

Sisi tuko hivi hivi. Abdiqani yuko na ngamia upande wa mpakani, anatafuta majani. Yule ngamia wangu mwekundu amezaa jike, nimempa jina la Ugbad kwa sababu ana miguu mirefu na hasikii la mtu. Biashara ya maziwa inakwenda, ila vumbi limewaharibu watu vifua. Goti langu la kushoto linaniuma nikikaa na linaniuma nikisimama, sijui linataka nini.

Kuhusu mambo ya ofisi, nakushangaa. Wewe ndiye mtu wa ofisi, kazi yako ni kupoteza faili. Ipoteze. Mtoto ni wako, umemlea, umemlaza hospitali na surua, nani asiyejua? Huyo mwanamke aliweka kidole chake kwa hiari, mimi nilikuwepo. Alikuwa hana mume, hana mbuzi, hana hata kamba ya kufungia mbuzi. Usimkaribishe nyumbani. Akikuuliza habari zetu sisi wa Buna, mwambie hujui. Hasa habari za Abdihafid usimpe, anasoma wapi, amekuwa vipi, usimwambie lolote. Watu wa kambini wana macho.

Nimekuletea samli, chupa mbili. Moja ya Yakub, umpe kijiko kabla ya kulala.

Wifi yako,
Safiyo

*

Garissa,
19 Machi 2024

Safiyo,

Ramadhani njema. Leo ni siku ya nane na bado tuna nguvu. Samli imefika, Yakub anakula kijiko na Ugbad anakula vitatu. Ugbad anafunga zote mwaka huu, isipokuwa siku tano zilizopita ambazo Mungu mwenyewe amempa ruhusa. Umenielewa. Mtoto amevunja ungo. Nilimfungia mlango wa chumba tukalia na kucheka, kisha nikalia peke yangu jikoni, kwa sababu sasa maneno ya kadhi si ya kesho tena.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniandikia goti, ngamia, vumbi, samli. Nilichouliza hukujibu. Wewe unayejua maziwa ya ngamia yupi yaliingia dumu lipi, na nani alikunywa kikombe bila kurudisha kikombe, unashindwa kuniambia ulimnyonyesha mtoto mara ngapi? Au umenikasirikia kwa jambo nisilolijua? Kama ni lile la pazia la harusi ya dada yenu, nilishaomba msamaha.

Afisa alikuja nyumbani. Alikagua chumba cha Ugbad, akapima kitanda kwa macho, akauliza anakula nini. Nilimpa chai, nikakumbuka ni Ramadhani, nikaona haya, naye akacheka akasema yeye ni Mkristo lakini hatakunywa mbele yetu. Nikamuuliza kwa nini huyu mama amekuja leo, baada ya miaka kumi na miwili. Nilitaka asikie kwamba hakujali.

Akanieleza. Mwaka ule wa njaa, ndugu zake Kaaha walimpeleka Dadaab wakamwandikisha pale kama mkimbizi ili apate chakula. Aliweka vidole kwenye mashine. Baadaye alipokwenda kutafuta kitambulisho, mashine ikasema huyu si Mkenya, huyu ni mkimbizi. Mtu aliyezaliwa Wajir, Safiyo! Bila kipande hakuweza kupita kizuizi cha barabarani kuja Garissa. Amekaa pale miaka yote, mwendo wa saa mbili kutoka mlangoni kwangu. Mwaka jana ndipo walipomfuta kwenye orodha wakampa kitambulisho. Safari yake ya kwanza nacho ilikuwa kwenye ofisi ya watoto.

Mimi na faili zangu zote sijawahi kusikia kidole kimoja kikimpoteza mtu mara mbili. Nilitamani nimchukie na nikashindwa, na hilo limezidi kunitisha.

Wamepanga aonane na Ugbad ofisini, baada ya Idd. Kadhi naye amesema barua yako haitoshi. Ushahidi wa kunyonyesha ni wa mwanamke mwenyewe, kwa mdomo wake, na wake peke yake unatosha. Njoo. Nauli ni juu yangu, utalala chumba cha mbele chenye feni. Useme tu ulichofanya.

Mulki

*

Buna,
2 Aprili 2024

Mulki,

Salamu kwenu nyote, na hongera kwa Ugbad. Mpe shanga hizi, zilikuwa za mama yetu.

Siji. Goti limevimba na mawingu yamekaa vibaya upande wa Wajir. Kadhi ni mtu mzima, mwambie asubiri.

Pazia nilishasahau.

Safiyo

*

Garissa,
14 Mei 2024

Wifi,

Mkikosa habari zetu msifikiri tumekufa. Mto umetoka kitandani kwake, mitaa ya chini yote ni maji, watu wamehamia mashuleni na barabara imekatika. Sisi tuko juu, tumepona, tunawahifadhi watu wawili. Shuaib amekaa hapa wiki tatu akiangalia lori lake. Nilipomwambia barua ni ya haraka akanijibu, "Mama, mfua hii, mimi si samaki." Kwa hiyo haya ninayokuandikia yalitokea kabla ya maji.

Walionana tarehe kumi na nane Aprili.

Niliingia na Ugbad nimemshika mkono kwa nguvu mpaka akanilalamikia mimi mama yake, "Hooyo, vidole." Kaaha alikuwa ameshakaa. Mdogo, Safiyo! Miaka yote hii nilikuwa nimemrefusha kichwani mwangu, kumbe ni mwanamke mdogo mwenye kilemba cha kijani na viatu vilivyofutwa vumbi. Hakuinuka kumkumbatia. Alimtazama tu, akaweka mikono yake juu ya meza, wazi, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba. Ugbad akaiangalia mikono ile, akatoa na yake. Vidole gumba ni vilevile, vifupi, vimepinda nje. Wote wawili wakacheka.

Kwa kuwa afisa hajui Kisomali, Kaaha alijikaza kwa Kiswahili cha kambini. Akatoa kitambulisho chake akakiweka mezani. "Leo mimi nabita na kibande yangu," akasema. "Askari naangalia, nasema, mama, bita. Miaka kumi na mbili mimi nangoja hiyo neno moja. Bita." Afisa akainama kuandika, lakini kalamu haikuandika kitu.

Kisha, tulipokuwa tunaondoka, akanigeukia kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, akauliza: "Na yule mvulana? Yuko mzima?"

Mvulana gani? Nilimwambia sijui anazungumzia nini, kama ulivyoniagiza, na safari hii ilikuwa kweli. Akatikisa kichwa pole pole akaondoka. Safiyo, walikuwa mapacha? Kuna mtoto mwingine mliyemficha? Silali. Kila mtu akibisha hodi naruka. Ugbad naye sasa ananiuliza Dadaab kuna shule nzuri. Ameuliza tu, Yakub anasema watoto huuliza, lakini mimi nilimwaga sufuria ya wali.

Kadhi amepanga Septemba na hataahirisha tena. Nimefikiria sana, na nitakalokuandikia sasa usimwonyeshe mtu. Inawezekana ulimnyonyesha mara tatu. Inawezekana mara mbili, ukaona haya kwa kuwa sisi tumetangaza siku arobaini. Sikulaumu. Lakini sema tano. Neno moja tu, wifi, sema tano. Nani alikuwepo wa kuhesabu? Kadhi atafunga faili, Kaaha atakuwa mgeni wa mara moja kwa mwaka, na Yakub ataendelea kusukwa ndevu na binti yake kama anavyofanya kila Ijumaa. Najua ninachokuomba. Najua Nani anasikia. Naogopa zaidi kitanda kikiwa kitupu.

Mulki

*

Buna,
24 Juni 2024

Mulki,

Idd imepita salama, tulichinja mbuzi mmoja tukamgawa. Abdiqani amerudi na ngamia wote isipokuwa mmoja. Goti langu halina kitu. Halijawahi kuwa na kitu.

Nimefunga mlango wa duka la maziwa nikuandikie hii. Abdihafid nimemtuma mbali.

Hawakuwa mapacha. Yule mvulana ni wangu.

Unaukumbuka mwaka ule. Mizoga ilikuwa njia nzima hadi Wajir. Nilimzaa Abdihafid Agosti, baada ya kuharibikiwa mimba tatu, na siku ya kumi na mbili maziwa yangu yakakatika. Mimi, Safiyo, niliyekuwa nawauzia watu wote wa Buna maziwa, nilikuwa nakamua kifua changu na hakuna hata cha kulowesha kitambaa. Mama mkwe wangu alikuwa ameshasema mwanamke huyu hana heri. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kaaha alikuja na punda mmoja na tumbo kubwa. Mume wake walikuwa wamemzika njiani. Nilimpa kona ya nyumba kwa sababu ya Mungu, naye akazaa pale pale. Yeye aliyekuwa mifupa mitupu, maziwa yakamjia. Sijui yalitoka wapi. Siku ya pili akamsikia wangu, hakuniuliza, alinyoosha mkono tu akamchukua. Tangu siku ile aliwanyonyesha wote wawili, huyu kulia na yule kushoto, siku arobaini. Mama mkwe akija, nilikuwa najifunika shali na kumweka Abdihafid ndani, najifanya. Mtoto ameshashiba kwa mwingine, amelala, na mimi nimekaa nimeinamisha shingo kama mama. Nilimwomba Kaaha asiseme. Hakusema.

Ndugu zake walipokuja kumpeleka Dadaab walisema kichanga hakitafika. Ndipo mkaja nyinyi. Yakub aliuliza, "Nani alikuwa anamnyonyesha?" Kaaha akafungua mdomo, nami nikatangulia. Nikasema, "Mimi." Nilisema kwa sababu mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Kaaha alinitazama kisha akaangalia chini. Kaka yangu akafurahi, akasema basi ni mpwa wangu, nikashindwa kurudi nyuma. Kila mwaka ilizidi kuwa vigumu.

Sikumnyonyesha Ugbad mara tano. Wala tatu. Wala moja, Mulki.

Na kuna lingine. Kaaha alituma salamu kwangu kwa madereva miaka yote, akiuliza watoto wake wawili. Wawili, ndivyo alivyosema. Sikumjibu hata mara moja. Niliogopa atakuja kusimama kisimani aseme huyu kijana mrefu mnayemsifu kwa maziwa ya mama yake, maziwa yalikuwa yangu. Nilikuachia wewe uamini amekufa, kwa kuwa na mimi nilikuwa naomba awe amekufa. Nimeandika, sitaifuta.

Ukiniambia niseme tano nitakuwa nimesema uongo mara mbili juu ya maziwa yale yale. Niliweza mara ya kwanza kwa kuwa nilikuwa kijana na mwenye hofu ya watu. Sasa nina hofu nyingine. Barua hii ina jina langu, fanya nayo utakavyo. Nimemwambia Abdiqani jana. Alitoka nje kuwaangalia ngamia na hajaingia bado.

Safiyo

*

Buna,
11 Agosti 2024

Mulki,

Shuaib anasema alikupa mkononi. Wiki saba sasa. Nitukane basi, lakini uandike.

Safiyo

*

Garissa,
14 Septemba 2024

Safiyo,

Salamu. Ugbad mzima, Yakub mzima, mimi ninavyokuandikia nimekaa chini ya feni.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kuiandika ikakaa. Samli yako niliyobakiza nilimpa jirani. Siku ya tatu nikaenda kumwomba nusu. Barua nayo niliificha kwenye mkoba, chini ya leso, nikatembea nayo kazini na sokoni miezi miwili na nusu. Sikumwonyesha Yakub. Nataka ulijue hilo: nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilisema Safiyo hayuko, Yakub atatoa ushahidi wa alichosikia, kadhi atakubali au hatakubali, na mimi mdomo wangu utakuwa umefungwa tu, haujasema uongo.

Tulikaa mbele ya kadhi tarehe tano, Kaaha naye akiwepo. Ugbad alibaki nje na afisa. Yakub akasimama, amevaa kanzu ya Idd, akasema kwa fahari kabisa, "Dada yangu alimnyonyesha siku arobaini, mimi mwenyewe niliambiwa na yeye." Kadhi akamgeukia Kaaha. Akamuuliza, wewe ndiwe mama, ulikuwepo, ni kweli?

Safiyo, yule mwanamke angeweza kunivunjia nyumba kwa neno moja. Akasema tu, "Kama Safiyo amesema, amesema." Akaangalia chini. Nilikuwa nimesoma kwenye barua yako jinsi alivyoangalia chini siku ile, na sasa nikaliona kwa macho yangu. Anatulinda tena! Miaka kumi na mitatu baadaye, mwanamke tuliyemwombea kifo anatulinda tena, na mume wangu amesimama na kanzu yake anashuhudia asichokijua, akidhani anasema kweli.

Mkono uliingia kwenye mkoba kabla sijaamua. Nilimpa kadhi barua.

Alisoma kurasa zote. Akampa Yakub. Kaka yako aliutambua mwandiko wako tangu mstari wa kwanza. Hakupiga kelele, na ningependelea angepiga. Aliuliza swali moja tu: "Sasa itabidi ajifunike mbele yangu?" Kadhi akasema ndiyo. Kafala ipo, nyumba ni yake, malezi ni yenu, lakini kati yako na yeye hakuna maziwa wala damu. Yakub akaketi, akaivua kofia yake akaishika magotini.

Kadhi akamuuliza Kaaha kama anamtaka mtoto arudi kwake. Nilishika kiti. Akajibu, "Nilikuja kumwona, sikuja kumhamisha." Atakuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na likizo Ugbad akitaka atakwenda Dadaab. Kadhi akatuuliza sisi kama tunakubali. Nilisema ndiyo kwa sauti kubwa mpaka karani akageuka.

Jioni ile tulimwambia Ugbad. Nilimweleza mimi, yeye yuko chumbani, Yakub yuko nje ya pazia. Alidhani amefanya kosa. Alidhani aabo, baba yake, amemkasirikia. Kisha akauliza, "Sasa nimwite nani?" Yakub akajibu kutoka nje ya pazia, "Niite ulivyoniita asubuhi."

Bado naogopa, nisikudanganye. Jumamosi iliyopita Kaaha alipoinuka kuondoka Ugbad alimsindikiza mpaka stendi, na dakika zile nilizihesabu zote dirishani. Alirudi. Naogopa Jumamosi ijayo, na ile ya baadaye. Lakini nimegundua naweza kupika nikiwa naogopa, na wali haumwagiki.

Njoo na Abdihafid. Mwambie mwenyewe njiani, usimwachie Shuaib. Kadhi amesema yeye na Ugbad ni ndugu wa ziwa moja, halali kabisa, kwa hiyo katika shauri lote hili binti yangu alipoteza mjomba akapata kaka. Na Kaaha anamsubiri. Jumamosi ile aliuliza tena, nikamjibu: mrefu, hasikii la mtu.

Nilimuuliza na lile swali nililokutesa nalo mwaka mzima. Nikamwambia, yule wa Safiyo ulimnyonyesha mara ngapi? Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Akasema, "Mtoto analia, wewe unahesabu?"

Wifi yako,
Mulki

Nilikuwa nafunga bahasha, naongeza hili. Yakub amerudi kutoka msikitini. Siku hizi husimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe na kutoa salamu kwa sauti, kisha anangoja. Ugbad alikuwa na kichwa wazi, anasuka nywele. Namsikia anatafuta shali, ameangusha kitana. "Subiri, aabo!" Amesubiri. Sasa Ugbad amesema, "Bita," kwa sauti ile ile ya Kaaha, na Yakub ameingia.